Jirani wa Upande wa Mawio

Kanisa ndilo lililoondoka mwisho. Lilivutwa na maksai ishirini na wanne juu ya magogo ya mwaloni, Jumanne moja ya baridi kali, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuufunga ulimi wa kengele, likawa linalia njia nzima kila gogo lilipogonga tuta. Gesche Poppinga alisimama mlangoni kwake amejitanda shali, akalitazama mpaka likawa dogo kama banda la kuku. Kisha akageuka kumtazama mumewe. Ubbo alikuwa ameketi mezani akila mkate, dirisha amelipa mgongo, anatafuna kana kwamba kanisa la kijiji huvutwa mbele ya nyumba ya mtu kila wiki.

"Limekwenda," Gesche akasema.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Tumebaki sisi tu, baba."

"Basi hatutasumbuliwa na kelele."

Hivyo ndivyo kijiji cha Nieloog kilivyokwisha, mwaka wa kumi na tano tangu kianze, na aliyekianzisha ndiye aliyebaki kukilinda. Kwa nini Ubbo alikichagua kilima kile katikati ya nyika ya Iowa? Mwenyewe alisema ni kwa ajili ya maji. Gesche alikumbuka vingine. Alikumbuka kwamba gurudumu la gari lao lilivunjika pale, mvua ikawa inanyesha, na Ubbo, ambaye maishani mwake hajawahi kukiri kwamba kitu kimemshinda, alishuka, akachimba kwa koleo shimo la kufika magotini, akaonja udongo, akatangaza kwamba hapa ndipo alipokuwa akipatafuta. Folkert Eilers, mwenye gari la pili, alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Kisha akawafungua maksai wake.

Majira yale ya kwanza ya baridi familia mbili ziliishi katika shimo moja lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa mabonge ya udongo na nyasi zake. Katikati walitundika shuka. Upande huu Poppinga, upande ule Eilers, jiko moja. Kufikia mwezi wa pili Gesche alikuwa anaujua mkoromo wa Folkert kuliko wa mumewe, na Trientje, mke wa Folkert, alikuwa ameapa kwamba akitoka humo akiwa hai hatakaa tena karibu na mtu anayekula vitunguu vibichi. Alimaanisha Ubbo. Walipojenga nyumba za mbao mwaka uliofuata, Trientje aliisimamisha yake hatua arobaini tu kutoka kwa mla vitunguu, upande wa mawio ya jua.

Upande huo haukuchaguliwa ovyo. Watu wa Nieloog, na wote waliowafuata kutoka ile nchi yao tambarare ya kando ya bahari, walikuwa na jambo moja ambalo hawakulifanyia mzaha, nalo ni jirani wa kwanza. Jirani wako wa kwanza ni yule ambaye nyumba yake iko upande wa mawio. Ukifa, wa nyumbani mwako hawakugusi. Yeye ndiye anayekufumba macho, anaisimamisha saa ya ukutani, anakuosha, anakuvika, anakwenda nyumba kwa nyumba kutoa habari. Mkewe anaingia jikoni kwako na kulishika jiko. Kazi ya mfiwa ni kukaa na kulia, basi. Aliyemwosha maiti wake mwenyewe alikuwa amewatangazia walimwengu kwamba hana mtu, na aibu hiyo ilirithiwa na wajukuu.

Zaidi ya hapo palikuwa na masharti mawili. La kwanza, jirani wa kwanza haendi kwa mgonjwa bila kuitwa, maana ni kama kwenda kumpima mtu sanduku angali anapumua. La pili, ujirani huvunjwa kwa kinywa, na kinywa kilichouvunja ndicho pekee kinachoweza kuuunga tena. Wageni waliposikia mambo haya walicheka. Wacheke tu, hawakuwahi kufiwa na watoto wawili nyikani.

Watoto hao walikuwa Antje na Hinrich, wa Gesche na Ubbo. Dondakoo liliingia mwaka wa tatu, likamchukua binti Jumatatu na mvulana Ijumaa. Gesche alikaa na kulia kama alivyotakiwa, na kila alipoinua mkono palikuwa na kikombe cha chai ndani yake, donge la sukari chini na maziwa mazito juu, wala hakuwahi kuuliza nani alikuwa akikijaza. Trientje aliwaosha wote wawili. Mbao hazikuwapo karibu, kwa hiyo Folkert alilivunja gari lake, gari lile lile lililowaleta nyikani, akatengeneza masanduku mawili, akayashusha kwa mikono yake. Ubbo alikata kipande cha shamba lake bora akakitoa kiwe makaburi ya kijiji, na baadaye kanisa likajengwa ubavuni mwake. Tangu siku ile hakuyataja tena majina ya watoto wale. Mungu hakuwapa wengine.

Reli ilipofika, ilipita maili nne kusini. Watu wa kampuni walichora mji kwenye karatasi, wakauita Lavona, jina la binti wa bwana mkubwa fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mhunzi alikuwa wa kwanza kuhama, akafuata mwenye duka. Kisha wakaitana kanisani, na wanaume wote wakainua mkono kwamba kijiji kizima kihamie stesheni ardhi ikiganda, nyumba zivutwe kama zilivyo. Ubbo peke yake hakuinua. Alisimama akazungumza nusu saa. Alisema habari za kisima, habari za udongo, habari za upepo wa huko bondeni. Alisema kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa moyoni mwake.

"Jirani Ubbo," Folkert alimjibu, kwa upole wake ule, "kisima chako ni kizuri, hakuna anayebisha. Lakini mahindi yetu hayapandi garimoshi kwa kunywa maji."

Watu wakaangua kicheko. Ubbo akachukua kofia yake akatoka.

Siku walipoinyanyua nyumba ya Folkert, mwezi wa kwanza, baridi ya kupasua mawe, Ubbo alivuka zile hatua arobaini akasimama mbele ya maksai.

"Unaiondoa kweli?"

"Nimekuomba mara ngapi twende wote, bwana? Maksai hawa hapa. Yako tutaivuta wiki ijayo. Hata kikombe hakitavunjika."

"Mimi si konokono."

"Ubbo, acha hizo. Usi—"

"Nisikilize. Nyumba hii ikikipita kisima, wewe si jirani yangu tena. Usikanyage kwangu nikiwa mzima, wala usiniguse nikiwa maiti."

Wanaume walioshika minyororo waliinamisha macho. Hata maksai walionekana kama wametulia. Folkert aliivua kofia yake, akaishika muda kidogo, akaivaa tena, kisha akawapigia wanyama mluzi. Trientje alikuwa ndani ya nyumba. Alikataa kushuka, alisema sahani zake hawezi kumwachia mtu. Gesche aliuona uso wake dirishani, ukipita polepole mbele ya kisima, mkono mmoja umeshika bomba la jiko na mwingine umeufunika mdomo.

Gesche hakumsemesha mumewe siku tatu. Siku ya nne alimsemesha, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusemeshwa.

Ubbo alianza kukohoa majira ya vuli ya mwaka ule ule. Daktari wa Lavona alikuja mara mbili, mara ya pili akamvuta Gesche nje na kumwambia kwamba maji yamejaa kifuani, asitazamie kuvuna naye tena. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi, akasoma, akanywa chai, akaondoka kabla matope hayajamzidi. Wengine hawakuja. Kilima kilikuwa na mashimo kumi na mawili ambamo nyumba zilikuwa zimesimama, kisima, makaburi, na moshi mmoja tu.

Kwamba Ubbo atakufa, Gesche alikwisha kulikubali jambo hilo. Alilia peke yake kwenye banda la ng'ombe, akajikaza, akarudi ndani. Kilichomtia hofu ni saa itakayofuata. Atamfumba macho yeye? Ataisimamisha saa yeye? Amwoshe mtu aliyelala naye miaka thelathini, amvute hadi shimoni, kisha arudi ajipikie chai akae kuinywa? Ile chai aliiogopa kuliko kaburi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, barafu ikianza kulainika, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, tuzungumze."

"Tumezungumza miaka thelathini. Kuna kilichobaki?"

"Nani atakuosha?"

"Mvua."

"Acha mzaha wako."

"Nani kakwambia ni mzaha? Nitoe uani mwezi wa nne, hutahitaji hata sabuni." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Gesche akamshika kichwa mpaka kikaisha.

"Haya, umekwisha kucheka," akasema. "Sasa niambie mimi nifanyeje. Nikushike miguu nikuvute kama gunia la viazi mpaka makaburini? Antje na Hinrich wakitazama?"

Ubbo alifumba macho. "Usiwataje."

"Nitawataja. Nimenyamaza vya kutosha. Antje. Hinrich. Nani aliwaosha? Nani alilivunja gari lake, gari lake la pekee, ili wanangu wasilale kwenye udongo mtupu?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Pumzi yake ilikuwa inakwaruza.

"Hao wengine siwalaumu," akasema. "Mhunzi alijua nini? Mwenye duka alijua nini? Lakini Folkert aliwashusha kwa mikono yake, Gesche. Alijua wamelala wapi. Halafu akaivuta nyumba yake akaenda zake, akawaacha nyikani peke yao kama mbwa."

"Hukumwambia hivyo. Ulimwambia habari za kisima."

"Alitakiwa ajue."

"Mtu atalijuaje usilomwambia?"

"Yule alikuwa anajua hata nikiumwa jino."

Gesche alitaka kukasirika akashindwa. Alimtazama yule mzee mwenye shingo ngumu, shingo yenyewe sasa imekonda kama mpini wa koleo, akaona kwamba kumbe mwaka mzima na zaidi alikuwa ameishi na mtu aliyevunjika moyo, na yeye alimdhania ana hasira tu.

Ubbo hakula mchana ule, wala jioni. Asubuhi ya pili yake alimwita.

"Vaa viatu vyangu. Vyako vinavuja."

"Nivae niende wapi?"

"Kwa Folkert. Mwambie yale maneno nimeyarudisha. Mwambie aje."

"Nikuache hivi hivi? Mchungaji akija Jumapili—"

"Hayasemwi na mchungaji. Kinywa cha mke wangu ni kinywa changu. Nenda wewe."

"Na ukifa?"

"Sifi leo. Nimewahi kukudanganya?"

"Mara nyingi."

"Basi moja zaidi haitakudhuru," akasema Ubbo, akampapasa mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Nenda, mama. Jua linapanda."

Gesche aliweka birika jikoni, akamsogezea maji ya kunywa, akaenda. Theluji ilikuwa imekwisha kuwa rojo. Viatu vya Ubbo vilimpwaya, na kila hatua tatu kimoja kilibaki kwenye matope akarudi kukichomoa. Maili nne zile alizozoea kuzikata kwa saa moja na ushee zilimla asubuhi nzima. Alipita mle mle magogo yalimopita, mifereji yake bado ilionekana, na roho ilikuwa juu kila alipogeuka nyuma kuutazama moshi wa nyumba yake.

Lavona ilikuwa imejengwa kwa rula. Nyumba alizozijua zilikuwa zimepangwa kando ya reli, zote zimeuelekea mlango wa stesheni, na zilimpa haya kidogo, kama vile amewakuta watu wazima wamevalishwa sare. Aliijua nyumba ya Eilers kwa mlango wake wa kijani. Upande wake wa machweo palikuwa na pengo. Safu nzima imejaa isipokuwa pale, kiwanja kitupu kimezungushiwa kamba.

Trientje alifungua mlango, akamwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu vya kiume.

"Umekonda," akasema. "Unampa yule mzee chakula chako?" Kisha uso ukambadilika, akamkumbatia kwa nguvu hadi shali ikaanguka.

Folkert alikuwa mezani anatengeneza hatamu. Alisimama. Hakuuliza kitu, kwa sababu hakuruhusiwa kuuliza. Alisimama tu, sindano ya kushonea ngozi mkononi, akingoja.

"Ubbo anasema yale maneno ameyarudisha," Gesche akasema. "Anasema uje."

Folkert aliiweka sindano chini taratibu. "Miezi kumi na minne!" akasema. "Miezi kumi na minne, yule mkaidi, yule mlango uliovimba kwa mvua!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Mara mbili amewafunga farasi," Trientje akamwambia Gesche, huku akivaa aproni yake nyeusi, "siku daktari alipotuambia, na siku ya Krismasi. Mara mbili akawafungua. Utamwendea vipi mgonjwa hajakuita? Watu wangesema umekwenda kumtabiria kifo. Umekiona kile kiwanja hapo? Kila anayetaka kujenga anafukuzwa. Anasema kina mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe ameomba lini, akasema ataomba."

Gesche alikaa kwenye kiti cha karibu. Kiwanja upande wa machweo wa Folkert. Maana yake Folkert upande wa mawio wa Ubbo, vile vile kama zamani, na hakuna aliyefungua kinywa.

Waliondoka na mkokoteni wa farasi wawili. Trientje aliketi nyuma na kitani safi mapajani, ameifunika kwa koti isilowe. Magurudumu yalizama mara tatu. Mara ya tatu iliwabidi washuke wasukume wote. Walipopanda tena, Gesche alipiga moyo konde akamwambia Folkert yale Ubbo aliyoyasema, kuhusu Antje na Hinrich na kuachwa nyikani.

Folkert aliwalegezea farasi hatamu.

"Nyasi unazionaje pale makaburini?" akauliza.

"Fupi. Ubbo alizifyeka kabla hajaugua."

"Alikwambia alizifyeka?"

"Hatuzungumzii mambo ya kule. Nilizikuta fupi."

"Ni mimi," Folkert akasema, anawatazama farasi. "Tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Nilikuwa napita nyuma ya kilima, asubuhi sana, ili asinione. Alinikataza kukanyaga kwake. Makaburi si kwake, nilijiambia, ni ya kijiji. Nilidhani labda atajiuliza nani anafyeka."

"Alidhani ni mimi," Gesche akasema. "Alidhani ni mimi, na mimi nilidhani ni yeye."

Trientje alisema neno ambalo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kulisema, na hakuna aliyemkemea.

Kuanzia hapo Gesche hakuweza kutulia. Alikuwa na habari moja tu ya kumpelekea mumewe: hawakuachwa, baba, hawakuachwa hata siku moja. Aliipanga mdomoni, akaipangua, akaipanga tena. Alitaka kumwona Ubbo anavyoisikia. Alitaka amwone akijifanya haimhusu, kisha ageukie ukutani. Angetosheka na hilo. Hata akifa saa hiyo hiyo, angekufa akijua. Moshi bado ulikuwa unatoka, mwembamba, na aliushikilia kwa macho mpaka walipokipita kisima. Hakumngoja Folkert afunge breki. Aliruka akakimbia, kiatu kimoja kikabaki uani.

"Baba!" aliita kabla ya kuufungua mlango vizuri. "Baba, Folkert ndiye—"

Sakafu ilikuwa imelowa. Michirizi ya maji ilitoka jikoni ikaenda mpaka kitandani, na kiti cha jikoni, ambacho mtu alikisukuma mbele yake kama mkongojo, kilikuwa kimesimama katikati ya njia. Birika lilikuwa tupu. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa saa saba na dakika kumi. Ubbo alikuwa amelala chali juu ya blanketi lililonyooshwa, amevaa shati lake jeupe la kanisani, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, kimoja kimepishana. Nywele zilikuwa mbichi na zimechanwa. Leso ilipita chini ya kidevu chake ikafungwa juu ya kichwa ili mdomo usifunguke. Mikono aliikunja mwenyewe kifuani, na alikuwa amekufa.

Gesche alisimama na ile habari yake mdomoni, haina tena pa kwenda.

Folkert aliingia nyuma yake, akaivua kofia. Alitazama kiti, akatazama saa, akatazama leso. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu ambaye jana alishindwa kushika kijiko alikuwa ameshuka kitandani, akachota maji, akajiosha, akajivika, akajifunga kidevu, akaisimamisha saa angali anaisikia inavyokwenda. Kazi yote ya jirani wa kwanza aliimaliza mwenyewe, akajilaza kukingoja kifo.

"Hakutaka nimguse," Folkert akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana," Gesche akasema. Alilifahamu sasa, na kulifahamu kulimuuma kuliko kumkuta amekufa. "Nilimuuliza jana nani atamwosha. Nilimsumbua. Alinituma kwako kwa sababu nilitaka. Lakini hakuamini kwamba utakuja, Folkert. Alifanya haya ili nisije nikayafanya mimi."

Folkert alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, mara nyingi, bila kuacha. Kisha akaiendea saa. Alifungua kioo chake, akaisukuma ile shaba inayoning'inia, saa ikaanza kwenda, na wote watatu wakaisikiliza kidogo. Akaisimamisha tena kwa kidole chake mwenyewe.

"Trientje, maji ya moto," akasema. "Gesche, wewe kaa."

Trientje alikwisha kushika jiko. Gesche alikaa kwenye kile kiti kilicholowa, kama desturi inavyotaka, akaiweka mikono mapajani. Alikuwa amelililia jambo hili majira yote ya baridi, kwamba siku hiyo atakaa na mtu mwingine atafanya kazi, na sasa amekaa. Folkert aliifungua leso, akavifungua vifungo kimoja kimoja, akianza na kile kilichopishana, huku akimsema marehemu kwa sauti ya chini, kama walivyokuwa wakitaniana shambani.

"Hebu ona. Sabuni imekaukia nyuma ya sikio, hukuisuuza. Unajiosha kama mtoto, wewe. Nimefyeka zile nyasi kiangazi kizima, unasikia? Nusu saa tu kabla jua halijatoka, mgongo unaniuma mpaka leo. Ungechungulia mara moja tu dirishani, mzee. Mara moja tu, ungeniona." Alimpitishia kitambaa shingoni, begani, mkono wa kwanza. Alipofika mkono wa pili alisimama. "Ungeniona," akasema tena. Kitambaa kikaanguka ndani ya beseni, na Folkert akapiga magoti kando ya kitanda, paji la uso kwenye ukingo wa mbao, mabega yanamtikisika.

Trientje aligeuka na birika mkononi, akabaki hapo hapo.

Gesche aliinuka. Aliikunja mikono ya gauni lake, akakichukua kitambaa ndani ya beseni, akakikamua.

"Gesche, mwenzangu," Trientje akasema kwa woga, "hiyo si kazi yako."

"Najua."

"Watu watasema huna mtu."

"Wamwone Folkert hapa, halafu waseme." Alimgusa Folkert begani, akamngoja mpaka akainua uso. "Nisaidie kumwinua," akamwambia. "Mgongo hakuufikia."

Folkert alijifuta macho kwa kiganja, akapitisha mikono yake chini ya mabega ya Ubbo, akamwinua polepole akamwegemeza kifuani mwake, na Gesche akamwosha mumewe mgongo, pale ambapo mtu hawezi kujifikia mwenyewe.